Mbwa hatafuni kochi kwa ubaya, tusiwapige wala kuwatupa

Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie hawa mbwa wanaotupwa hapa Malindi, manake kila mtu analalamika mbwa wamezidi mitaani lakini sisikii mtu akiuliza wametoka wapi. Pita njia ya Casuarina jioni, ama nenda upande wa Muyeye, ama kule Maweni, utawaona, na wengi si mbwa waliozaliwa njiani. Mwengine bado ana alama ya kola shingoni, ukimwita anakuja, ukimnyooshea mkono analala chini, huyo alikuwa na mwenyewe juzijuzi tu. Ukiuliza majirani mbona huyu yuko nje jibu ni lile lile, alikuwa anaharibu vitu. Wenyewe wakienda kazini wanamfungia, wakirudi kochi limetoka sponji, makubadhi ya mzee yamebaki kamba, waya wa tivii umekatwa, pazia liko chini. Basi akapigwa, kesho akatafuna tena, akapigwa zaidi, mwisho akatiwa kwenye boda akaenda kuachwa mbali.

Mimi kazi yangu ni kuangalia nyumba za watu, kazi ambayo wengi hapa tunaijua, wenye nyumba wanakuja msimu wa kaskazi, kusi likianza na masika yakikaribia wanafunga wanarudi zao Italia na kwengine, nyumba inabaki na mlinzi na mbwa. Kwa hivo mbwa aliyeachwa peke yake nimemuona wa kila aina, na ninachotaka kusema ni kimoja, kwamba yule mbwa anatafuna kwa sababu kuna kitu amekosa, na kile kitu hakipatikani kwa fimbo.

Nianze na hiyo fimbo manake ndo dawa ya kwanza watu wanayoikimbilia. Mtu anarudi saa kumi na moja jioni, anakuta mto umeraruliwa, anamshika mbwa anamwekea pua kwenye mto huku akimchapa. Mbwa alitafuna ule mto saa tatu asubuhi. Yeye anaunganisha adhabu na kile anachofanya sekunde hiyo hiyo, na sekunde hiyo alikuwa anafanya nini, alikuwa anakuja kukulaki mlangoni. Kwa hivo anachojifunza ni kwamba wewe ukirudi nyumbani kuna kupigwa, na siku ya pili ukitoka anakaa na hofu mchana kutwa, na mbwa mwenye hofu anatafuna kuliko yule wa mwanzo. Yaani mtu anaongeza kile kile anachotaka kukitoa.

Hapo najua nitaambiwa, lakini akiniona tu anajua amekosa, anakunja mkia anaingia chini ya meza. Hapana jamani, anaona uso wako na anasikia sauti yako. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Alexandra Horowitz alilijaribu hili jambo akachapisha matokeo yake 2009, alitumia mbwa 14 na wenyewe, mwenye mbwa anamkataza asile kitu kitamu kilichowekwa hapo kisha anatoka chumbani, huku nyuma mbwa saa zingine anakula saa zingine hali, halafu mwenyewe akirudi saa zingine anaambiwa ukweli na saa zingine anaambiwa kinyume. Ile sura ya kujikunyata ilifuata kugombezwa, haikufuata kosa. Na waliojikunyata zaidi ni wale ambao hawakula kitu na bado wakagombezwa. Mimi nikisoma hilo roho iliniuma, kwa sababu nawajua mbwa wengi sana waliopigwa kwa ushahidi wa mkia uliokunjwa.

Sasa kutafuna kwenyewe hakuko namna moja, na hapa ndo pa kutulia kidogo.

Akiwa mdogo, ni meno. Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utoto, yanaanza kung'oka akiwa na miezi mitatu minne hivi, na akifika miezi sita saba anakuwa na meno 42 ya ukubwani. Kipindi hicho ufizi unamwasha kama mtoto wa binadamu anayeota meno, lazima atafute kitu cha kuguguna, na mbwa wa asili kubwa anaendelea hata akipita mwaka. Huyu hana shida yoyote, mpe kitu chake cha kutafuna na vitu vyako viondoe chini. Raba usiziache sebuleni halafu ukamlaumu, yeye hajui raba ni shilingi ngapi.

Halafu kuna yule mkubwa ambaye amechoka kukaa bure. Mbwa wa ulinzi hapa kwetu usiku ndo kazi yake, mchana anafungiwa kwenye kichumba ama anafungwa mnyororo wa mita moja chini ya mwembe, haoni mtu, hanusi kitu, hatembei, chakula anarushiwa mara moja kwa siku kinaisha kwa dakika mbili, kisha siku mtu akimfungulia ndani ya nyumba watu wanashangaa ameng'oa kila kitu. Huyu anatafuna popote na chochote, leo kiti kesho ndoo keshokutwa mpira wa kumwagilia maua, na ukimtazama hata hana wasiwasi, anacheza.

Wa tatu ndo ninayemuonea huruma zaidi, yule anayeshindwa kukaa bila mtu wake. Huyu utamjua kwa mahali anapoharibu. Hashughuliki na viatu, anaenda mlango uliotokea wewe, ama dirisha unaloonekana ukipita, anakwaruza mpaka mbao inatoka vibanzi, kucha zinatoka damu, sakafuni kumejaa mate, amejikojolea na kwa kawaida ni mbwa anayejua kutoka nje, na jirani atakwambia alilia tangu ulipowasha pikipiki. Chakula ulichomwachia hakigusi. Kama huna hakika mbwa wako ni yupi, chukua simu ya zamani iweke juu ya kabati irekodi nusu saa ya kwanza baada ya nyinyi kutoka, mara nyingi hiyo nusu saa inatosha kukuonyesha. Mwenye wasiwasi anaanza mapema sana, pengine hata mguu wako haujafika getini.

Na hawa wa tatu Malindi tunawatengeneza wenyewe kila mwaka. Mwenye nyumba anakuja Disemba, mbwa analala naye chumbani na feni, anakwenda naye mkahawani, anakula naye mezani, miezi minne hakuachwa hata saa moja, halafu Aprili masanduku yanatolewa, gari la uwanja wa ndege linakuja, na jioni ile ile mbwa yuko peke yake kwenye veranda na mlinzi ambaye hajawahi kumlisha hata mara moja. Akianza kula milango mlinzi anapiga simu Italia, huko wanasema mfunge, na akifungwa analia usiku kucha, majirani wanachoka, na hapo ndo hadithi ya kutupwa inaanza. Ningeomba sana wenye nyumba wasikie hili, mwezi mmoja kabla ya safari mkabidhini mlinzi chakula cha mbwa, yeye ndo ampe, yeye ndo amtoe asubuhi, na mbwa aanze kulala pale atakapolala mukiondoka. Sanduku nalo litoeni mapema likae sebuleni wiki nzima, lisiwe ndo habari ya kuachwa.

Wenye kwenda kazini kila siku nao wana lao la kufanya, na si gumu, linataka subira tu. Mbwa anasoma dalili zako, funguo, viatu, mkoba, akiona tu moyo unaanza kumwenda mbio. Kwa hivo chukua funguo kisha ukae unywe chai. Vaa viatu uende jikoni. Fungua mlango ufunge bila kutoka. Zikishapoteza maana, toka nje kidogo tu urudi kabla hajaanza kulia, halafu dakika, halafu dakika tano, unaongeza pole pole, na ukiona ameanza kulia ujue umeruka hatua, rudi nyuma. Dakika thelathini arobaini za kwanza ndo ngumu, akizivuka ametulia mara nyingi saa zilizobaki atalala, mbwa mkubwa mwenyewe analala karibu nusu ya siku. Kutoka usimuage kwa kumkumbatia na maneno mengi, na kurudi mngoje atulie kwanza ndo umsalimie. Zile siku unazomfundisha ikiwezekana asiachwe muda mrefu, mama mkwe akae naye, jirani amchukue, ama aende na wewe dukani. Na kama hali imezidi, anajiumiza, nenda kwa daktari wa mifugo, dawa za wasiwasi kwa mbwa zipo na zinafanya kazi pamoja na hayo mazoezi, lakini ni yeye daktari wa kuzitoa, usimkatie kidonge chako cha usingizi.

Kwa yule aliyechoka bure dawa ni kuchoka kwa kazi. Mtoe alfajiri kabla ya jua, hapa kwetu saa nne mchanga unaunguza nyayo na lami ndo usiseme. Bahari ikiwa imekupwa pwani yote hii kuna nafasi ya kutosha, ila mshike kamba, hasa ukikaribia upande wa hifadhi ya bahari iliyowekwa tangu 1968, kasa wanataga mchangani na mbwa aliyeachiwa anafukua mayai. Na usimkimbize kimbize tu, mwachie anuse, kunusa kunamchosha akili na akili iliyochoka haifikirii kochi. Nusu saa ya hivo kabla hujaenda kazini ina faida kuliko mnyororo wa siku nzima.

Chakula chake cha asubuhi usikiweke kwenye sahani. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, nami naona na mtu anayetaka mbwa atulie ampe kazi yenye malipo. Mimi nachukua sima iliyobaki naichanganya na dagaa waliochemshwa, naikandamiza ndani ya kibati cha duara, namwagia supu ya mifupa isiyo na chumvi wala kitunguu, manake kitunguu ni sumu kwa mbwa, nalaza kwenye friza usiku kucha. Asubuhi natoka huku nikimwachia lile barafu, analamba mpaka linaisha na wakati huo mimi nishaondoka na hakuona shida. Asiye na friza atawanye chakula kikavu kwenye majani ya uani akitafute kimoja kimoja, ama akitie kwenye katoni akunje, mbwa airarue, katoni ni bure kila duka wanatupa, toa tu pini na gundi ya nailoni. Kipande cha kamba nene ya mkonge kilichofungwa fundo nacho ni kizuri lakini ukiwepo, kikianza kutoka nyuzi kitupe.

Kuna vitu watu wanavitoa kwa nia njema na vinaua. Kumbi la nazi, naona wengi wanampa mbwa achezee, zile nyuzi akizimeza zinajifunga tumboni. Kifuu kikipasuka kinakuwa na ncha. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka vipande vikali, hiyo wengi wanaijua lakini bado wanatoa. Msimu wa maembe ndo hatari yenyewe, kokwa la embe mbwa analimeza zima na linakwama kwenye utumbo, bila upasuaji anakufa, na sisi miembe imejaa kila ua, kwa hivo okoteni makokwa. Korosho mbichi ikiwa na ganda lake vile vile, mafuta ya lile ganda yanaunguza mdomo. Waya wa umeme chomoa kabla hujatoka, mbwa mdogo aking'ata waya wenye moto hakuna cha kumfundisha tena.

Na yale ya kupaka vitu shubiri ili viwe vichungu, shubiri inamharisha na kumtapisha, pilipili inamwingia machoni na kuna mbwa hata hawajali, wanaendelea kutafuna tu. Lakini lililo baya kuliko yote ni kumfunga mdomo kwa kamba mukaenda zenu. Mbwa anapoza mwili kwa kuhema mdomo ukiwa wazi, hana jasho la mwili mzima kama sisi, ukimfunga mdomo kwenye joto la Malindi mwezi wa Februari, ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, unamuua. Nimeshuhudia mbwa amefikishwa hapo na nikamwagiwa maneno kwa kumfungua, na nitamfungua tena nikimkuta mwengine.

Niseme na Waislamu wenzangu pia, manake wengine wanaona habari ya mbwa haiwahusu. Madhehebu ya Shafi tunayoifuata wengi wetu huku pwani mate ya mbwa ni najisi, chombo akikilamba kinaoshwa mara saba moja ikiwa kwa udongo, kwa hivo mbwa kutafuna msala ama kuingiza mdomo jikoni ni jambo zito na naelewa hasira ya mama wa nyumba. Lakini mbwa wa ulinzi, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa, na ukishamchukua awe mlinzi wako una dhima naye. Dawa ni kumtengenezea mahali pake uani, uzio wa waya ulioshikana vizuri, kivuli cha makuti, maji ya kutosha, upana wa kutembea, asiwe na haja ya kuingia ndani wala nafasi ya kufika kwenye viatu vya mlangoni. Na hadithi ya yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake, sote tumeisikia madrasa tangu tukiwa wadogo. Sasa vipi mtu huyo huyo aliyeisikia ampige mbwa mpaka avunje mguu kwa ajili ya ndara.

Kenya sheria ipo, ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, kumpiga mnyama kikatili ni kosa la kushtakiwa. Lakini mimi siombi watu wapelekwe kortini, naomba waelezwe. Na hili la kutupwa linatugusa sote hata asiyependa mbwa, kwa sababu mbwa akishafika mtaani hakuna wa kumpeleka kuchanjwa, na kichaa cha mbwa dalili zikishatokea kwa mtu hakuna kupona. Serikali iliweka mpango mwaka 2014 wa kumaliza vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa ifikapo 2030, na huo mpango unataka asilimia 70 ya mbwa wawe wamechanjwa. Tutafikaje huko ikiwa kila mwenye kuliwa kochi anaongeza mbwa mmoja njiani asiye na kadi wala mtu, na walio hatarini kwanza ni watoto wa shule wanaopita na mandazi mkononi?

Kwa hivo ombi langu kwa wanaohusika na mifugo kaunti ya Kilifi, siku za chanjo watu wanapopanga foleni na mbwa wao, mtu mmoja asimame aongee kidogo kuhusu hili, kwa Kiswahili na Kigiriama, tena ajibu maswali, foleni ile inakaa muda mrefu na watu hawana kazi pale. Redio zetu za hapa nazo zingempa daktari wa mifugo kipindi cha asubuhi watu wapige simu. Na aliyeshindwa kabisa, hana muda wala uani, asimpeleke mbwa Casuarina usiku akamwacha. Amtafutie mtu amkabidhi mkono kwa mkono mchana, na kadi yake ya chanjo, na amwambie ukweli kwamba huyu akiachwa peke yake anatafuna na anatafuna vitu gani, ili anayemchukua ajue aanzie wapi.

Mlinzi wa nyumba,
Malindi.